Dawati la ustawi wa jamii hospitalini: tufuate London ya 1895 au Boston ya 1905?

Hospitali inayoendeshwa kwa fedha za wahisani hufikia siku ambayo kamati yake inakaa kuamua jambo moja gumu: nani atibiwe bure, nani achangie, na nani akae mlangoni kuwatenganisha hao wawili. Nimewahi kukaa katika kamati ya namna hiyo na ninajua mjadala unavyokwenda. Mhasibu huja na orodha ya bili zisizolipwa, daktari huja na habari za mgonjwa aliyeondoka bila dawa, na baada ya saa mbili mtu husema aajiriwe afisa ustawi wa jamii, wote wakaafiki, kikao kikafungwa. Hakuna aliyesema afisa huyo ataulizwa nini mwisho wa mwezi, kama ni shilingi ngapi ameokoa au ni wagonjwa wangapi wamefuata matibabu hadi mwisho.

Swali hilo lilijibiwa kwa vitendo, na kwa majibu mawili tofauti, zaidi ya karne moja iliyopita. La kwanza lilitolewa London mwaka 1895 katika hospitali ya Royal Free, na la pili Boston, Marekani, mwaka 1905 katika hospitali ya Massachusetts General. Yote mawili yalianza na mwanamke mmoja na meza moja katika idara ya wagonjwa wa nje, na katika yote mawili mshahara wa kwanza haukutoka kwenye mfuko wa hospitali. Tofauti ni kwamba London waliogopa kudanganywa, ilhali Boston kulikuwa na daktari aliyechoka kuandika maagizo ambayo mgonjwa hawezi kuyafuata. Ninaiweka mifano hii bega kwa bega kwa ajili ya kamati, wauguzi wakuu na maafisa wanaotakiwa kuchagua, na sitaficha ninakoelemea.

Mlango wa Royal Free

Royal Free ilianzishwa mwaka 1828 na daktari wa upasuaji William Marsden, na jina lake, Free, yaani bure, linaeleza upekee wake. Hospitali nyingi za hisani za wakati ule zilimpokea mgonjwa aliyekuja na barua ya mfadhili. Mtu aliyechangia hospitali kila mwaka, tuseme gini moja, yaani shilingi 21, alipata haki ya kupendekeza wagonjwa kadhaa, na asiyemjua mfadhili yeyote alirudi alikotoka. Marsden alitaka hospitali ambayo ugonjwa na umaskini ndivyo vitakuwa barua ya kuingilia. Anayefikiri kwamba kupima uwezo wa mgonjwa ni ukatili uliobuniwa na watu wa takwimu akumbuke kilichokuwapo kabla yake, kwa kuwa barua ya mfadhili haikupima chochote isipokuwa kujuana.

Mlango uliofunguliwa namna hiyo ulijaa watu. Kufikia miongo ya mwisho ya karne ya 19 idara za wagonjwa wa nje za London zilikuwa zimefurika, na malalamiko yakatoka pande mbili. Madaktari waliokuwa na zahanati zao binafsi na walioishi kwa ada za wagonjwa walisema hospitali zinawachukulia wateja wenye uwezo wa kulipa. Charity Organisation Society, jumuiya iliyoundwa mwaka 1869 ili kuratibu vyama vya hisani vya jiji, ilisema kwamba kutoa bila kuuliza kunaharibu watu, kwa sababu anayeweza kuweka akiba haweki akijua kwamba atatibiwa bure. Katibu wake, Charles Loch, alilifikisha jambo hilo mbele ya kamati ya Baraza la Malodi la bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza hospitali za jiji mwanzoni mwa miaka ya 1890, akapendekeza hospitali ziwe na mtu aliyefunzwa kuchunguza hali za wagonjwa.

Januari 1895 Royal Free ilikubali majaribio ya miezi mitatu. Aliyepelekwa ni Mary Stewart, mfanyakazi mzoefu wa jumuiya hiyo, na jumuiya ndiyo iliyobeba mshahara wake mwanzoni. Akaitwa almona, cheo cha kale cha mtu aliyegawa sadaka katika nyumba za wafalme na za watawa, ingawa almona huyu aliajiriwa ili sadaka isigawiwe ovyo. Maagizo yake yalikuwa matatu. Kwanza, azuie hospitali isitumiwe vibaya na watu wanaoweza kulipia matibabu kwingine. Pili, wanaopokea tayari msaada wa parokia, pamoja na mafukara kabisa, awaelekeze kwa mamlaka za Sheria ya Maskini, yaani mfumo wa umma wa kuwasaidia mafukara. Tatu, wanaoweza kulipa kidogo kidogo awashauri wajiunge na zahanati za uanachama, ambako familia ililipa peni chache kila wiki wakiwa wazima ili watibiwe wakiugua.

Ukiyasoma maagizo hayo pole pole utaona kwamba hakuna hata moja linalomhusu mgonjwa anayebaki hospitalini. Mwenye uwezo anaondolewa, fukara wa mwisho anaondolewa, mwenye vipeni vyake anaondolewa, na yule wa katikati, ambaye hospitali imekubali kumtibu, hakuna anayeagizwa amfanyie chochote zaidi ya kumwachia daktari. Kumwelekeza mtu kwenye Sheria ya Maskini nako hakukuwa jambo dogo. Hadi mwaka 1885 mwanamume aliyepokea hata matibabu tu kwa sheria hiyo alipoteza haki ya kupiga kura, na ingawa kipengele hicho kilikuwa kimefutwa miaka kumi kabla Stewart hajaketi mezani pake, aibu ilibaki mitaani.

Jambo jingine husahauliwa na wanaoutaja mfano huu kwa haraka. Mwaka 1895 almona hakukusanya fedha. Royal Free ilitibu bure, na kazi yake ilikuwa kuamua nani anastahili kuingia kwenye matibabu hayo ya bure, wala si kuamua nani alipe kiasi gani. Kupanga kiwango cha mchango kulikuja baadaye, hasa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, gharama zilipopanda na hospitali za hisani zikaanza kuwaomba wagonjwa wachangie kulingana na mapato yao. Hapo almona akawa yule tunayemfahamu hata leo, mwenye fomu ya mapato mkono mmoja na kitabu cha risiti mkono wa pili. Kamati inayosema inafuata mfano wa London ieleze kwanza ni London ipi, ya kuchuja mlangoni au ya kupanga malipo, maana hizo ni kazi mbili na zinamchosha mgonjwa kwa namna mbili.

Alichokikuta Stewart ndicho kinachoipa kazi yake uzito. Wadanganyifu aliotumwa kuwatafuta walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa, na wengi aliowahoji walihitaji msaada zaidi ya ule walioufuata. Walihitaji chakula, mahali pa kupumzika baada ya upasuaji, vifaa vya kutembelea, au mtu wa kuwaangalia watoto mama akiwa amelazwa. Kwa hiyo kazi ikaanza kupanuka kutoka ndani. Kufikia mwaka 1905, Anne Cummins alipoanza kazi ya almona katika hospitali ya St Thomas's, ng'ambo ya mto Thames, shughuli ya kuwatembelea wagonjwa wa kifua kikuu na mama waliojifungua ilikuwa inachukua nafasi ambayo awali ilikuwa ya upelelezi. London, kwa maneno mengine, iliingia kupitia mlango wa fedha ikajikuta chumbani mwa mgonjwa.

Meza ya Boston

Richard Cabot alikuwa daktari wa idara ya wagonjwa wa nje huko Massachusetts General. Alijua kupima damu na kusikiliza kifua kuliko wengi wa wakati wake, na hilo ndilo lililomsumbua. Alikuwa akimwandikia apumzike mama mwenye watoto wadogo na asiye na msaidizi. Alimwambia ale mayai na maziwa mtu aliyefukuzwa kazi, na apate hewa safi yule anayeishi chumba cha ndani kisicho na dirisha. Maagizo yalikuwa sahihi kitabuni na upuuzi nyumbani. Alikuwa amewahi kuhudumu katika uongozi wa shirika la kusaidia watoto mjini humo, na huko aliona jinsi wafanyakazi wa jamii wanavyokusanya habari za mtoto mmoja kutoka kwa kila anayemjua kabla ya kuamua lolote. Akataka jambo hilo lifanyike hospitalini.

Mwaka 1905 akamweka Garnet Pelton, muuguzi, kwenye meza katika idara hiyo. Pelton aliugua kifua kikuu kabla kazi haijakomaa, na nafasi yake ikachukuliwa na Ida Cannon, muuguzi pia, aliyekuja kuiongoza idara hiyo hadi mwaka 1945. Kwa miaka mingi hospitali yenyewe haikuwalipa, fedha zikitoka kwa Cabot na marafiki wa kazi hiyo. Ilifika mwaka 1919 ndipo hospitali ikaichukua idara kuwa yake.

Kazi waliyopewa ilikuwa na pande mbili. Walimletea daktari habari za nyumbani na kazini zinazoeleza ugonjwa, na walimfuata mgonjwa hadi nyumbani kuhakikisha kwamba tiba iliyoandikwa inawezekana. Uwezo wa kulipa ulikuwa habari mojawapo kati ya nyingi, kama ilivyo idadi ya vyumba au saa za kazi, na haukuwa sababu ya meza kuwapo.

Zikiwekwa pamoja

Kwa juu juu maswali ya meza hizi mbili yanafanana kupita kiasi. Unaishi wapi? Mko wangapi nyumbani? Nani anafanya kazi, na anapata kiasi gani? Kodi ya nyumba ni shilingi ngapi? Mhojaji wa London na wa Boston wangeweza kubadilishana daftari bila mgonjwa kugundua. Kilichotofautiana ni safari ya jibu. London jibu lilikwenda kwenye uamuzi wa kumkubali au kumwondoa mgonjwa, na Boston lilikwenda kwenye faili la daktari. Mgonjwa hutambua safari hiyo upesi kuliko tunavyodhani. Akijua kwamba jibu linakwenda kwa keshia, atapunguza mapato na kuongeza watoto. Akijua kwamba linakwenda kwa daktari, atasema mumewe anakunywa, kwamba wanalala watano chumba kimoja, kwamba dawa za mwezi uliopita aligawana na mdogo wake. Habari za aina ya pili ndizo zinazotibu, na dawati lililowekwa kwa ajili ya fedha halitazipata kamwe.

Kwa upande wa nidhamu ya kazi London inastahili sifa ambayo watu wa hisani wa siku hizi hawaitoi. Jumuiya iliyomlea Stewart ilisisitiza kumtembelea mtu nyumbani, kuzungumza na mwajiri na jamaa, kuandika kila jambo kwenye jalada, na kujua kila chama cha misaada cha mtaa husika, kinatoa nini na kwa nani. Mhojaji aliyefunzwa hivyo hakuishia kusema hapana. Alijua pa kumpeleka mtu. Nimewaona maafisa wa leo wenye shahada ambao hawawezi kutaja hata vikundi vitatu vya kuweka na kukopa vilivyo karibu na hospitali yao, na kwa hilo ninaona aibu kwa niaba ya taaluma.

Sumu iliyokuja pamoja na nidhamu hiyo ilikuwa neno kustahili. Jumuiya iliwagawa maskini katika wanaostahili kusaidiwa na wasiostahili, na mtu mlevi, au mwanamke mwenye mtoto nje ya ndoa, alikuwa na kazi kubwa ya kuingia upande unaofaa. Hospitali ikishaanza kuuliza tabia pamoja na mapato, kipimo kimeacha kuwa cha fedha, na hakuna kamati inayoweza kukitetea mbele ya mtu mwenye jipu. Boston nayo haikuwa na watu wasiohukumu, lakini muundo wake ulipunguza nafasi ya hukumu kwa sababu mwisho wa mahojiano haukuwa mlango kufungwa.

Udhaifu wa Boston uko kwingine, na wanaoupenda mfano huo hawapendi kuutaja. Dawati la Cabot lilitegemea daktari amtume mgonjwa, na daktari asiyejali hakutuma mtu. Pia suala la ada halikufutika kwa kuwa Ida Cannon hakulishika, maana hospitali inayotoza lazima pawe na karani wa kuamua nani asamehewe, na karani asiyekwenda nyumbani kwa mtu anaamua kwa kutazama sura. Kuitenga kazi ya fedha na kazi ya huruma kunamtakasa afisa, lakini kunaweza kumwacha mgonjwa mikononi mwa mtu mwenye habari chache zaidi. Nilikuwa mtetezi mkali wa Boston mpaka nilipokaa nyuma ya dirisha la malipo asubuhi moja nikaona jinsi msamaha unavyotolewa na mtu mwenye foleni ya watu 40 mbele yake.

Uwezo hupimwa siku gani

Hapa ndipo ninapoomba kamati zikae kwa muda, kwa sababu mifano yote miwili hukosea hapa isiposimamiwa.

Charles Booth, aliyeuchunguza umaskini wa London katika miaka ile ile ya Stewart, aliweka mstari wa umaskini kwenye mapato ya kati ya shilingi 18 na 21 kwa wiki kwa familia ya ukubwa wa kawaida, na akakuta karibu watu 31 katika kila 100 wa jiji hilo wako chini yake. Chukua sasa kibarua wa bandarini aliyekuwa akipata shilingi 24. Kwa kipimo chochote cha mlangoni yuko juu ya mstari, tena kwa shilingi tatu, na ushauri wa haki kwake ungeonekana kuwa aende zahanati ya uanachama. Lakini amekuja na mguu uliovunjika. Shilingi 24 zilikuwa za wiki iliyopita. Wiki hii ni sifuri, na wiki ijayo pia. Mkewe akianza kufua nguo za watu ataleta shilingi chache, na kodi ya chumba haisubiri mguu uunge. Aliyepimwa mezani ni mtu ambaye hayupo tena.

Hilo ndilo kosa kubwa la kupima uwezo hospitalini, na halina uhusiano na ukatili wala upole wa mpimaji. Tunauliza kipato cha mtu siku ileile ambayo kipato kimekatika. Mpimaji mwangalifu anapaswa kuuliza mambo mawili tofauti: nyumba hii ilikuwa ikiishi kwa nini kabla ya ugonjwa, na itaishi kwa nini wiki sita zijazo. La kwanza lilikuwa kwenye jalada la London. La pili lilihitaji mtu wa Boston, kwa sababu ni daktari tu anayejua mguu utaunga lini, na bila kuzungumza na daktari huwezi kulijibu.

Kosa la pili ni la macho. Familia za wafanyakazi wa Uingereza ya wakati ule zilizoea kuweka rehani nguo za Jumapili siku ya Jumatatu na kuzikomboa Jumamosi, na mpimaji aliyemwona mtu amevaa koti zuri hakuweza kujua kama koti hilo lingekuwa dukani kwa mweka rehani wiki inayofuata. Kwetu ni hivyo hivyo. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mama mmoja alifika na mtoto mwenye utapiamlo, amevaa kitenge kipya na hereni za dhahabu, na kijana wa dawatini akaandika kwenye fomu maneno mawili: ana uwezo. Muuguzi aliyekuwa amesimama karibu akauliza kile ambacho fomu haikuuliza.

“Mama, hizi hereni ni zako?”

“Za wifi yangu, mwanangu. Hospitali haiendewi na matambara.”

Fomu ilikuwa imeshapigwa muhuri. Ilichukua siku mbili kuibadilisha, na katika siku hizo mbili mama alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kijijini wauze mbuzi.

Njia ya tatu, ya kuliondoa swali mlangoni

Katika maagizo ya Stewart, lile la tatu ndilo lililoishi maisha marefu kuliko yote. Zahanati za uanachama zilitangulia mipango mikubwa ya kuchangia, na mwaka 1922 London ikapata Hospital Saving Association, ambapo mfanyakazi alilipa peni tatu kwa wiki na akilazwa hakuhojiwa na almona kuhusu mapato yake. Watu walilipia matibabu, lakini walilipia pia haki ya kutoulizwa. Kisha Julai 5, 1948, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilipoanza, kazi ya almona ya kupima uwezo wa kulipa ikaisha kwa siku moja. Almona wenyewe hawakuisha. Waliendelea na ile kazi nyingine iliyokuwa imeota pembeni, na katika miaka ya 1960 wakaacha cheo cha mgawa sadaka wakaitwa wafanyakazi wa jamii wa hospitali.

Kwetu historia hiyo inasomeka kinyumenyume kidogo. Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma mwaka 1993, na pamoja nao yakaja makundi ya msamaha, yakiwamo ya wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo, na afisa ustawi wa jamii akawa ndiye anayethibitisha nani hana uwezo, mara nyingi kwa barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Barua hiyo inapaswa kutukumbusha kitu. Mtendaji anayemjua mgonjwa ataandika. Asiyemjua atasema njoo kesho. Na pasipo uangalifu tunarudi kwenye barua ya mfadhili ambayo Marsden aliikimbia. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilianza mfuko wa afya ya jamii, ambao familia ilichangia mara moja kwa mwaka, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Nchini Kenya mfuko wa bima ya afya ya jamii ulioanza Oktoba 2024 unamtoza mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kaya zisizo na ajira rasmi hupimwa kwa maswali ya hali ya maisha, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Anayefuatilia historia hii atatambua mara moja kilichotokea: upimaji haukufutwa, umehamishwa kutoka mlango wa hospitali hadi dirisha la usajili. Binafsi naona kuhama huko kuna faida kubwa, kwani mtu anapimwa akiwa mzima na hakuna mtoto anayelia mgongoni. Hata hivyo maswali yanayokisia kipato kwa kutazama aina ya paa na sakafu yana ugonjwa uleule wa hereni za wifi, na tofauti ni kwamba hapa hakuna muuguzi aliyesimama karibu.

Kuchagua

Kama hospitali yako haitegemei ada za wagonjwa kuishi, kwa mfano inalipwa kwa ruzuku ya serikali au ya shirika la dini kwa sehemu kubwa, chagua Boston bila kusita. Mweke afisa chini ya idara ya tiba, apokee wagonjwa wanaotumwa na madaktari na pia wanaojileta wenyewe, na uondoe neno malipo kwenye maelezo ya kazi yake. Fedha utakayopoteza kwa wachache wanaojidai maskini ni ndogo, na Royal Free iligundua hivyo kwa kutumia mshahara wa mtu mzima aliyeajiriwa mahususi kuwatafuta.

Kama hospitali inaishi kwa ada, na bila ada dawa zinakwisha kabla mwezi haujaisha, Boston peke yake itakudanganya. Hapo chagua London, lakini ile ya Anne Cummins na wenzake, si ile ya maagizo matatu, na uiwekee masharti. Mahojiano yafanyike baada ya mgonjwa kuonwa na daktari na kupewa tiba ya kwanza, kamwe yasiwe kabla. Viwango vya mchango viandikwe ukutani kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma au anaweza kusomewa, ili asilazimike kujadiliana na mtu. Kipimo kiwe cha kaya katika wiki sita zijazo, kwa makadirio ya daktari. Tabia isiulizwe. Na aliyekataliwa awe na mtu wa kumkatia rufaa siku hiyo hiyo, asiye mhasibu.

Kama sehemu kubwa ya watu wa eneo lako wana bima au wanaweza kuipata, kazi ya kwanza ya dawati iwe kuandikisha watu, pamoja na kuwatafutia mfadhili wa mchango wale wasioweza, na mahojiano ya mlangoni yabaki kwa wachache wanaofika bila kadi. Afisa anayetumia asubuhi yake kijijini akiandikisha kaya 20 amefanya kazi ambayo angeifanya mara 20 akiwa dawatini, tena katika hali mbaya zaidi.

Kuna hospitali zitakazotaka kuwa na vyote viwili, na inawezekana, ila kwa watu wawili. Mtu mmoja hawezi kushika risiti asubuhi na siri za nyumba ya mgonjwa mchana. Ikiwa bajeti inatosha mtu mmoja tu, mpe siri za nyumba, na viwango vya malipo umwachie keshia pamoja na karatasi iliyoko ukutani. Afisa apewe haki ya kuandika msamaha ambao keshia hawezi kuutengua.

Taarifa yake ya mwezi iende kwa mganga mkuu. Iandike wagonjwa aliowatembelea, waliokatiza dawa na kwa nini, na waliosamehewa pamoja na sababu za kila mmoja. Safu ya fedha zilizookolewa, ambayo mhasibu ataiomba kwenye kikao cha kwanza kabisa, isiwekwe kwenye fomu hiyo.